Sahani Iliyorudi Tupu

Manesi walikuwa wawili tu Ijumaa Kuu ile, Domnica na Lenuta, kwa wagonjwa thelathini na mmoja. Wenzao walikuwa wameshaomba ruhusa ya Pasaka tangu Februari. Domnica hakulalamika, maana likizo yake angeipeleka wapi? Binti yake alikuwa Italia akilea wazee wa watu, na mumewe Neculai alikuwa kaburini mwaka wa sita sasa. Ila siku hiyo mwili wake haukutulia. Alifungua kabati akasahau alichokuja kuchukua. Alimpima mtu homa, na kabla hajafika mlangoni namba ilikuwa imeshamtoka kichwani.

Alidhani ni njaa. Tangu jana usiku, aliporudi kutoka kanisani kusikiliza yale masomo kumi na mawili ya Injili ya mateso ya Bwana, hakuwa ametia kitu mdomoni, hata tone la maji. Kwao waliuita mfungo mweusi. Aliufunga kila Ijumaa Kuu tangu alipofiwa, kwa ajili ya roho ya Neculai, na hakuwahi kuukosa, hata mwaka ule aliokuwa na homa na daktari akamfokea.

Saa moja na nusu asubuhi alisukuma kitoroli cha sindano mpaka chumba namba tano. Mlikuwa na wanawake wawili. Dirishani alilala Bibi Glicheria, mwenye miaka themanini na mmoja, mtu wa kijijini. Aliletwa Jumatatu sukari ikiwa imepanda sana na kidole cha mguu kina kidonda kisichopona. Karibu na mlango alilala Aurica, fundi cherehani mstaafu, mgonjwa wa moyo. Mwili wote wa Aurica ulikuwa umechoka isipokuwa mdomo.

"Huyo anakuja na mikuki yake," Aurica alisema. "Ficha tumbo, bibi."

"Nifiche niende nalo wapi?" Glicheria akajibu, akafunua nguo mwenyewe. Kisha akamkazia macho Domnica. "Mwanangu, mbona midomo yako imepasuka hivyo? Hukupata hata chai?"

"Leo sinywi, bibi. Nimefunga."

"Unafunga vipi?"

"Mweusi."

"Hata maji?"

"Hata maji."

"Na mbio zote hizi?"

"Mungu hutia nguvu," Domnica alisema huku akivuta dawa kwenye bomba la sindano. Aliyasema kwa sauti ya chini, kama inavyompasa mtu aliyefunga, lakini moyoni alisikia raha kidogo kwamba ameulizwa.

"Mimi Mungu hunitia nguvu kwa njia ya kahawa," Aurica akasema. "Kila mtu na njia yake."

Glicheria hakucheka. Alikuwa akimtazama nesi kama mtu anayetazama picha takatifu ukutani.

Ilikuwa ile insulini yenye rangi ya maziwa, ambayo ikishaingia mwilini hutembea polepole ikishusha sukari mpaka jioni. Domnica alichoma, akafuta kwa pamba. Alikuwa na kawaida yake, aliyofundishwa mwaka wake wa kwanza wa kazi na nesi mkuu wa zamani ambaye hakuwa na mzaha. Mgonjwa wa sukari ukishamchoma, huondoki mpaka umeona tonge limemezwa. Akangoja. Sinia ikaja. Jikoni walikuwa wameondoa mayai na siagi kwa heshima ya siku, wakaacha vipande viwili vya mkate, jamu ya plamu, na chai yenye sukari. Glicheria alichukua kipande, akakifanyia ishara ya msalaba, akakipeleka mdomoni.

"Domnica!" Ilikuwa sauti ya Lenuta kutoka koridoni. "Njoo chumba cha pili! Mzee hapumui!"

Akatoka mbio.

Mzee wa chumba cha pili mapafu yalikuwa yamejaa maji. Walimkalisha, wakamtia oksijeni na kumchoma dawa ya kukojoa, naye akamng'ang'ania Domnica mkono kama mtu anayezama, akamwachia baada ya karibu saa nzima. Alipotoka, mama wa jikoni alikuwa ameshakusanya vyombo na toroli lake likilia koridoni.

"Namba tano wamekula?" Domnica akamuuliza.

"Wa dirishani kasafisha sahani hata kuiosha nitaona aibu."

Domnica akachukua chati, akaandika: amekula chote. Akatia sahihi. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Hapo ndipo wasiwasi ulipomkaa. Haukuwa na jina. Mara mbili alielekea chumba namba tano, na mara zote mbili akavutwa njiani. Kwanza ilikuwa simu ya duka la dawa. Kisha ukoo mzima ukatokea na mifuko ya mayai yaliyopakwa rangi nyekundu, ukitaka kumwona baba yao nje ya saa za kutazama wagonjwa, na bibi mmoja akitaka kujua kama baba anaruhusiwa nyama ya kondoo Jumapili. Ikafuata duru ya madaktari. Daktari Octavia, mwanamke kijana mwenye nywele fupi, alianza na vyumba vya upande wa pili, na Domnica akamfuata na mafaili. Aliitwa jina lake mara mbili kabla ya kuitika.

"Mama Domnica, u mzima?"

"Mzima, daktari."

"Umekula?"

"Tuendelee, daktari."

Ilikuwa saa nne kasorobo walipoingia chumba namba saba. Juu ya kabati la mgonjwa palikuwa na sahani ambayo mama wa jikoni aliisahau. Mgonjwa alikuwa amekula sehemu laini ya mkate na kuacha maganda magumu, yamepangwa ukingoni mwa sahani. Domnica akayatazama, akasimama papo hapo.

Glicheria alikuwa na meno manne. Jumanne aliacha maganda ya mkate. Jumatano aliacha. Jana aliacha na akasema, "Haya wape kuku." Leo sahani imerudi tupu.

Aliweka mafaili kitandani kwa mgonjwa wa watu, akatoka bila kuaga.

Chumbani namba tano Aurica alimpokea kwa kidole mdomoni. "Taratibu! Anasali. Kaniambia nisimsumbue mpaka saa tisa, saa aliyokufa Bwana."

Glicheria alikuwa amegeukia ukuta, kilemba kimemfika kwenye nyusi. Domnica alitia mkono shingoni kwake. Palikuwa pamelowa, na baridi kama sakafu.

"Bibi! Bibi Glicheria!"

Bibi akaguna.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

"Hivi vipi?" Aurica akaketi. "Alikuwa anaongea muda si mrefu. Alikuwa anamwita mama yake, anamwambia afunge lango, mbuzi wanatoka. Nikajua ndiyo sala zao za kijijini."

Domnica alitoa kimashine mfukoni, akamtoboa kidole, akaminya damu. Namba ikatokea: ishirini na sita, na chini ya sabini tayari ni hatari. Akapaza sauti ambayo Lenuta hakuwahi kuisikia kwake kwa miaka kumi na moja, akimwita yeye na daktari kwa pamoja. Akanyakua sukari kwenye kabati la Aurica, akalowanisha kidole na kumpaka Glicheria ndani ya shavu, kwenye fizi, tena na tena, kidogo kidogo asije akapaliwa.

"Sindano ya kupandisha sukari!" daktari akaagiza akiingia.

"Imekwisha tangu Machi," Lenuta akajibu. "Tuliomba."

"Basi mshipa."

Mishipa ya Glicheria ilikuwa myembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Wa kwanza ukapasuka. Wa pili ukakimbia chini ya ngozi. Domnica alikuwa fundi wa mishipa, madaktari wa wodi nyingine walikuwa wakija kumwazima, na sasa alikuwa amekosa mara mbili. Akavuta pumzi, akasema "Bwana hurumia" bila sauti, akajaribu kwenye mkunjo wa kiwiko. Damu ikarudi kwenye sindano. Daktari akasukuma ile glukosi nzito, bomba la kwanza na la pili.

Hesabu ya dakika tatu. Nne. Kope zikacheza. Glicheria akafumbua macho, akalamba midomo, na uso wake ukakunjamana.

"Nani kanitia sukari mdomoni?"

"Mimi, bibi," Domnica akasema.

"Umenifungulisha." Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni. "Tangu nina miaka saba sijala siku hii. Vita vilipita, njaa ikapita, sikula."

"Bibi, ulikuwa unakufa."

"Hata ningekufa, si siku mbaya."

"Kufa wewe!" Aurica akapiga kelele. "Na mimi nilale wapi usiku, pembeni yako?"

Lenuta akacheka, kisha akaficha uso, kwa sababu Aurica alikuwa akilia. Ikajulikana kwamba chai ameinywa Aurica, na jamu kailamba Aurica, amepewa akaona ni hisani ya jirani. Mkate ulikuwa umefungwa kwenye leso, umetiwa kwenye mfuko wa nguo chini ya kitanda, vipande vyote viwili, kimoja kina alama ya ufizi lakini hakijakatika.

Daktari Octavia alichukua chati. "Hapa imeandikwa amekula chote. Nani kaandika?"

"Mimi."

"Ulimwona akila?"

"Nilimwona anaupeleka mdomoni."

"Basi katudanganya wote. Nitaandika kwamba mgonjwa alikataa chakula kwa siri." Akaandika haraka haraka, akafunika faili. Domnica akalipokea. Jibu alilompa daktari lilikuwa kweli, lakini si kweli yote.

Hawakupata muda wa kupumua. Mkunjo wa kiwiko ulianza kuvimba, dawa ikimwagika nje ya mshipa, ikabidi sindano itolewe. Daktari alimvuta Domnica mlangoni.

"Ile insulini ina saa sita au saba mbele yake. Sukari itaporomoka tena. Akila, tumepona. Asipokula, itabidi nimtoboe mshipa wa shingoni, na sijawahi kumtoboa mtu mwenye shingo fupi vile nikiwa peke yangu. Au nimpeleke hospitali kubwa ya Iasi, na kwa umri wake sitaki kumwona ndani ya gari saa moja na nusu. Mshawishi. Mnaelewana nyinyi."

Domnica alirudi na uji wa ngano usio na maziwa. Glicheria akafumba mdomo. Alimbembeleza, akamtania. Lenuta alimtisha kwa mkubwa wa wodi, na Aurica akamwita punda mzee. Bibi alifumba tu mdomo na kutazama dari. Kimashine kikasema sabini na moja.

"Tumpigie padri," Domnica akasema.

Padri Gherasim alikuwa kanisani akipamba meza ya kaburi la Bwana, ile ambayo watu wangepita chini yake jioni wakiwa wamepiga magoti. Simu alipokea mkewe, kwani mapadri wa Kiorthodoksi huoa, akakimbia nayo. Domnica akamweleza kwa maneno matano.

"Mgonjwa hana mfungo!" sauti ya padri ikatoka simuni hata Aurica akaisikia. "Mpe simu."

Glicheria akasikiliza. "Ndiyo, padri. Ndiyo. Nimesikia. Ubarikiwe." Akarudisha simu. Domnica akachota uji kijikoni. Bibi akafumba mdomo.

"Bibi! Si padri kasema?"

"Kasema mgonjwa."

"Na wewe ni nani?"

"Wewe una miaka mingapi, mwanangu?"

"Hamsini na nane."

"Unakimbia tangu alfajiri bila maji. Nimekuangalia. Ukanichoma, ukamkimbilia yule mzee, ukarudi ukahangaika na mikono yangu hii, na midomo yako inatoka damu. Unafunga. Mimi nimelala kwenye shuka safi kama mke wa meya, nishindwe? Nikifika kule niseme nini? Kwamba nesi aliweza?"

Domnica akashusha kijiko. Kumbe lile neno moja la asubuhi, mweusi, lililomtia raha moyoni, ndilo lililokuwa limelala ndani ya leso chini ya kitanda.

Akapima tena. Hamsini na nane. Jasho lilikuwa limeanza upya juu ya mdomo wa bibi.

Alimfikiria Neculai, lakini si kwa muda mrefu, maana muda haukuwepo. Miaka mitano kamili na huu wa sita. Alikuwa akiihesabu, na aliamini inahesabiwa na huko mbinguni pia, kama shanga kwenye uzi, na kwamba ukikosa mmoja zote zinamwagika. Akaketi kitandani kwa Glicheria, jambo ambalo nesi hakuruhusiwa kulifanya. Akainama, akafungua mfuko, akatoa mkate kwenye leso, akaukata, akatia kinywani.

Haukushuka. Kinywa kilikuwa kikavu mno. Alitafuna, mkate ukawa kama pamba.

"Domnica!" Glicheria akanyanyua kichwa. "Leo ni Ijumaa Kuu!"

Domnica akanyoosha mkono bila kutazama. Aurica akampa kikombe chake cha maji. Akanywa, akameza, akakata tena.

"Wewe ni Mkristo kweli? Utamwambia nini padri?"

"Nitamwambia nilikula."

"Kwa sababu gani?"

"Nitamwambia nilikuwa na mgonjwa mbishi. Fungua mdomo."

Bibi akamtazama, macho yakienda kutoka kwenye mkate hadi kwenye taya za Domnica zinazotafuna. "Huo mkate ni wangu," akasema mwishoni. "Unaumaliza."

"Basi wahi."

Glicheria akafungua mdomo. Domnica akamtia sehemu laini ya katikati ya mkate, kisha kijiko cha uji, kisha mkate. Lenuta alileta chai na vijiko vitatu vya sukari. Kila tonge Glicheria alilifanyia ishara ya msalaba kabla ya kulimeza, na kila alipomeza alisema, "Nisamehe," na hakuna aliyejua anamwomba nani. Katikati ya chai akasimama. "Na wewe kula. Sili peke yangu." Wakala wote wawili, kimyakimya, mpaka uji ukaisha. Njaa ilimwamkia Domnica kwa nguvu, akaona aibu jinsi ule mkate mkavu ulivyokuwa mtamu.

Alipoinua uso, Daktari Octavia alikuwa mlangoni.

"Ngapi?"

"Sabini na nne, inapanda."

"Mungu mkubwa," daktari akasema, ingawa hakuwa mtu wa kanisani.

Domnica alimfuata mpaka mezani pa manesi. "Daktari, ulichoandika si sawa."

"Kipi?"

"Kwamba alikataa kwa siri. Sikumwona akimeza. Niliondoka. Nikaandika amekula kwa kuambiwa sahani ni tupu. Na mimi ndiye niliyejisifu mbele yake kwamba nimefunga."

Daktari alisugua macho. "Uliondoka kwa sababu mtu alikuwa anakufa chumba cha pili. Mama Domnica, sikiliza. Ukiiandika hiyo, mkubwa wa wodi atataka maelezo, utaitwa, utakatwa mshahara, na umebakiza miaka miwili ustaafu. Bibi mzima. Achia hapo."

"Kesho atakuja nesi mwingine, atasoma bibi huyu ni mwongo. Kila akisema ameshiba hawatamwamini, na kila akisema ana njaa hawatamwamini."

"Hilo nalo..."

"Naomba kalamu."

Akaandika chini ya maandishi ya daktari, kwa herufi zake kubwa za shule ya msingi: Sikushuhudia mgonjwa akila. Niliandika bila kuona. Mgonjwa alikuwa amefunga kwa imani na hakuulizwa. Akatia sahihi na saa. Daktari akasoma, akatikisa kichwa, akatia na yake pembeni.

Domnica hakukaa hata baada ya hapo. Saa sita sukari ilikuwa themanini na mbili. Saa sita na nusu ikashuka sitini na tisa, akampa biskuti zisizo na maziwa. Saa saba, themanini na nane. Glicheria alianza kulalamika kwamba vidole vyake vimekuwa kichujio. "Kaa chini, Domnica," Lenuta akamwambia, "unanitia kizunguzungu." Akajibu kwamba anakaa sasa hivi, akapita.

Kwa maana wazo lilikuwa limemjia wakati akiosha mikono. Wagonjwa wa sukari wodini walikuwa saba. Wote walichomwa asubuhi, na wote sahani zao zilihesabiwa na mama wa jikoni. Nani aliulizwa kitu?

Akaanza chumba namba moja. Wa kwanza alikuwa amekula na akaonyesha makombo kwenye ndevu. Wa pili alisema yeye ni mkomunisti wa zamani, mfungo auulize kwa wengine. Wa tatu, chumba cha tisa, alikuwa mwalimu mstaafu aliyesoma gazeti akiwa amevaa tai juu ya nguo za hospitali. Domnica akafunga mlango nyuma yake.

"Mwalimu, leo umefunga?"

Mwalimu akapandisha gazeti. "Hilo ni swali la nesi au la padri?"

"La nesi."

Gazeti likashuka kidogo, macho yakaonekana, mekundu, yenye jasho kwenye pembe zake.

"Mke wangu alikuwa akifunga," akasema. "Mimi sikuwahi. Nilimcheka miaka arobaini. Nikaona mwaka huu..."

Domnica alikuwa ameshatoa kimashine. Kwa mkono mwingine alivuta droo, na mle ndani, juu ya miwani ya akiba, palikuwa na vipande viwili vya mkate. Akampa mwalimu kimoja. Kimoja akakishika mwenyewe, akavuta kiti.